Geji ya busti kwenye Forester turbo: tii iwekwe wapi, na mbona namba za Arusha haziendani na za Dar?

Chuga_EJ20 – #1
Wakuu, habari za saa hizi. Gari ni Subaru Forester SG5, injini EJ205, gia za mkono. Imefungwa geji ya busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ya mshale, ya kuvuta mpira (siyo ya umeme), 52 mm, kipimo ni bar kuanzia -1 hadi 2. Tii (kiungo cha njia tatu) ipo kwenye mpira unaotoka manifodi (chemba inayogawa hewa kwa silinda) kwenda kwenye regulator ya mafuta (inayorekebisha presha ya petroli).

Msimamo wangu ni kwamba hapo ndipo mahali sahihi kuliko pote. Ni manifodi tupu, hakuna vali wala solenoidi (vali ya umeme) njiani. Gereji nyingi hukata mpira wa westigeti (mlango unaofunguka kuzuia busti isizidi) kwa sababu uko karibu na mkono, na hilo ni kosa kubwa.

Sasa namba. Dar, injini ina joto lake, AC imezimwa, sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) inasoma -0.66. Gia ya nne, ukikanyaga mpaka mwisho kuanzia mizunguko 2,500, inafika 0.78. Gari hiyo hiyo na geji hiyo hiyo ikiwa Arusha: sailensi -0.51, busti 0.6 na haipandi zaidi. Taa ya injini haijawaka. Kosa ni la geji, la tii, au la gari?

Mgosi_wa_Pwani – #2
Hiyo ya sailensi usiihangaikie, ni mwinuko. Usawa wa bahari hewa ina kilopaskali 101. Arusha mjini, mita 1,400 hivi, zinabaki kama 86. Dar: 101 toa 66 ni 35. Arusha: 86 toa 51 ni 35. Ndani ya manifodi presha ni ile ile, injini inahitaji hewa ile ile ili isizime. Kilichoshuka ni hewa ya nje ambayo geji inajilinganisha nayo. Geji yako ni nzima na injini haivuti hewa ya wizi.

Ya busti ni habari nyingine.

kipima_hewa – #3
Napinga #1 kuhusu mpira wa regulator. Regulator ya EJ205 inashikilia presha ya mafuta kama bar 3 juu ya presha ya manifodi. Busti ikiwa 0.8, kwenye reli (bomba linalolisha nozeli) panatakiwa kuwe na 3.8. Tii ikichomoka, regulator inaona hewa ya nje badala ya busti, reli inabaki 3, lakini nozeli zinasukuma dhidi ya 0.8. Tofauti inabaki 2.2. Mafuta yanayopita hufuata mzizi wa presha: 2.2 gawanya kwa 3, chukua mzizi, unapata 0.86. Umepoteza asilimia 14 ya mafuta wakati pistoni zinayahitaji kuliko wakati wowote. Hapo ndipo injini inaanza kugonga (mafuta kulipuka kabla ya wakati wake), na ringi za EJ20 hazisamehe.

Kwa sailensi ni kinyume: mafuta yanazidi, plagi zinakuwa nyeusi, gari inanuka petroli. Mtu anabadilisha plagi na sensa ya oksijeni, kumbe ni tii ya plastiki iliyopasuka.

SpanaKumi – #4
Ndiyo maana wengine tunachukua kwenye mpira wa blo-ofu (vali inayotoa hewa ya turbo ukiachia mafuta). Mpira ni mnene, uko juu, unaonekana ukifungua tu boneti. Ukichomoka mafuta hayaguswi.

kipima_hewa – #5
#4 mkuu, ukichomoka hapo blo-ofu inakosa presha ya kuifunga kwa juu. Busti ya kwenye paipu inaisukuma kutoka chini, inafunguka katikati ya mwendo, hewa inarudi kwenye mdomo wa turbo. Na ukiachia mafuta ghafla, vakyumu (mvuto wa manifodi) haifiki kuifungua, turbo inapiga ule mlio wa njiwa. Umehamisha tatizo, hujaliondoa.

Mama_Gereji – #6
Mnabishana mpira upi wakati kinachookoa injini ni kizuizi. Kwenye tii, mguu unaokwenda kwenye geji, tia kipande cha shaba chenye tundu la 0.8 hadi 1 mm. Jeti ya kabureta ya pikipiki iliyotobolewa inafaa, ilimradi ibane ndani ya mpira. KARIBU NA TII, siyo karibu na geji. Watu wengi wanakiweka nyuma ya geji kwa sababu wanajua kazi yake moja tu, ya kuzuia mshale usitetemeke. Kazi ya pili ndiyo kubwa: mpira wa geji ukipasuka au ukichomoka huko kabini, tundu la milimita moja haliwezi kuishusha presha ya regulator kwa kiasi cha kuumiza, maana manifodi inajaza haraka kuliko linavyovujisha. Ukikiweka kwenye geji, mita moja na nusu ya mpira wote uliobaki hauna ulinzi.

Na kabla ya kukata mpira wowote, zunguka manifodi kwa tochi na kioo. Ukipata nipeli iliyozibwa na kofia ndogo ya mpira, baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli), hiyo ndiyo ya kwako. Hakuna kukata, hakuna kugombana.

Chuga_EJ20 – #7
Shukrani Mama Gereji. Kizuizi kipo, ila kipo nyuma ya geji. Kilikuja hivyo kwenye boksi.

Mama_Gereji – #8
Kihamishe leo. Na kwa anayefunga upya, mpangilio ni huu.

Mpira uwe wa silikoni, tundu la ndani 4 mm, wenye ukuta mnene, au ule wa nailoni mgumu wenye nati zake. Ule wa plastiki unaoonekana ndani, kama wa tangi la samaki, usiutumie kwenye injini: joto likipanda unalainika, vakyumu inaubana hadi unajifunga, halafu busti inauchomoa. Baada ya miezi unakuwa wa njano na kukatika kama makaroni.

Tii iwe ya shaba. Kila mguu uwe na klipu, hata kama mpira umeingia kwa kubana. Kamba ya plastiki ni afadhali kuliko hakuna, lakini joto linailegeza.

Turbo ya EJ iko nyuma kulia, yaani upande wa dereva kwa gari zetu. Kwa hiyo usipitishe mpira upande huo. Zungushia nyuma ya manifodi kwenda kushoto, ingia kabini upande wa deshi ya abiria, halafu rudi chini ya dashibodi mpaka nguzo ya kioo. Mpira unarefuka, lakini hautapikwa.

Kupita ukutani tumia mpira wa tundu ambao mkungu wa nyaya unapitia. Toboa pembeni ya nyaya, siyo katikati. Chukua spoku ya baiskeli, lainisha ncha kwa jiwe, funga mpira kwenye spoku kwa tepu, sukuma kutokea kabini uone inatokea wapi kwenye injini. Bisibisi isikaribie hapo, inakwaruza nyaya na utalipia baadaye. Ukimaliza ziba kwa silikoni, vinginevyo mvua ya kwanza itakuletea maji kwenye zulia.

Acha ulegevu wa sentimita 5 hivi kati ya injini na bodi. Injini inacheza kwenye maunti, mpira ukikazwa unachomoka siku unaachia klachi kwa nguvu.

Mnairobi_EJ – #9
Sasa wadau. Kuongezea #2, huku Nairobi tuko karibu mita 1,800, hewa ni kama kPa 81 au 82. Geji nyingi huku ni za psi, na sailensi inasoma -14 hivi. Watu wanaona video za ng'ambo zikionyesha -20 wanaanza kutafuta mahali panapovuja, wanabadilisha gasketi za manifodi bure.

Mgosi_wa_Pwani – #10
Sahihi, ila hiyo -14 si psi, wasomaji wasichanganye. Geji za psi zina vipimo viwili kwenye uso mmoja: kulia kwa sifuri ni psi, kushoto ni inchi za zebaki. Hakuna vakyumu ya -20 psi hapa duniani, hewa yote ni 14.7 tu. Inchi 20 za zebaki ni bar 0.68. Na za Kijapani zilizoandikwa x100 kPa, namba 1 ni karibu sawa na bar 1. Kilo kwa sentimita ya mraba nayo, tofauti ni asilimia 2, mshale wenyewe una unene huo.

Mnairobi_EJ – #11
Nimekubali bana, ni inchi.

kipima_hewa – #12
Turudi kwenye 0.6. Kwanza thibitisha geji. Chomoa mpira pale kwenye tii, uunge kwenye pampu ya mguu ya baiskeli yenye kipimo chake. Pampu taratibu, soma kila 0.2, andika zote mbili. Usizidishe 1.5, utapinda koili ya ndani. Ukifika 1.0 bana mpira kwa koleo lenye kitambaa, angalia mshale dakika mbili. Ukishuka, mpira au nati ya geji inavuja. Paka maji ya sabuni kwenye viungo wakati una presha humo. Ukipaka sabuni injini ikiwa kwenye sailensi hutaona povu, maana pale panavuta ndani, panakunywa sabuni yako.

Chuga_EJ20 – #13
Matokeo. Pampu 0.2, geji 0.2. Pampu 0.6, geji 0.58. Pampu 1.0, geji 0.95. Baada ya kubana, dakika mbili umeshuka 0.02. Injini ikiwa imezimwa mshale unakaa sifuri kamili. Kizuizi nimekihamishia kwenye tii.

Namba zile zile: -0.51 na 0.6.

SpanaKumi – #14
Basi geji na tii vimetoka kwenye kesi. Kati ya Dar na Arusha gari ilifanyiwa nini?

Chuga_EJ20 – #15
Sevisi. Plagi, oili, na mipira midogo yote ya vakyumu ilibadilishwa kuwa ya silikoni ya bluu kwa sababu ya zamani ilikuwa imekakamaa.

SpanaKumi – #16
Hapo hapo! Ndani ya mpira wa kiwandani, ule unaotoka kwenye turbo kabla haujagawanyika kwenda westigeti na solenoidi, kuna kidonge cha shaba chenye tundu dogo. Kimekaa ndani ya mpira, kwa nje hukioni. Fundi anachomoa mpira wa zamani, anautupa na kidonge chake, anaweka silikoni tupu.

Kazi ya kidonge: presha inayotoka kwenye turbo inapunguzwa hapo, halafu solenoidi inamwaga sehemu yake kurudi kwenye paipu ya kuvuta, westigeti inaona presha ndogo, inachelewa kufunguka, busti inapanda. Bila kidonge, hewa inaingia nyingi kuliko solenoidi inavyoweza kumwaga. Westigeti inaona presha karibu yote, inafunguka mapema, unabaki na busti ya springi ya westigeti tu. Gari haiwashi taa, inakuwa nzito tu.

Mgosi_wa_Pwani – #17
Nadharia nzuri, lakini kumbuka kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya Subaru ina jedwali la mwinuko. Hewa ikiwa nyepesi inashusha lengo la busti yenyewe. Ili kufikia 0.8 Arusha turbo inabidi iminye mara 1.93, Dar ni mara 1.79 tu. Turbo inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi. Kiwanda kinailinda. Kushuka kidogo huko juu ni kawaida, hakuna kilichoharibika.

SpanaKumi – #18
Kushuka kidogo sawa. Kutoka 0.78 hadi 0.6 si kidogo mkuu.

fundi_umeme_magari – #19
Kabla hamjafika mbali, mtu amecheki paipu za intakula (kipoza hewa ya turbo)? Zile klempu mbili za mpira wa throto hulegea, na intakula ya juu ya injini ikitolewa kwenye sevisi ili kufikia mipira ya vakyumu, mpira wa kwenda blo-ofu haurudi vizuri. Busti inavujia hapo, na kwa kuwa gari ina sensa ya kupima hewa, kompyuta inadhani hewa yote imeingia. Inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo. Dalili: moshi mweusi ukikanyaga, ulaji unapanda, na kuna mlio wa sss kuanzia 0.4.

Mama_Gereji – #20
Ya #19 ni ya kweli na ndiyo ya kuanza nayo, ni bisibisi tu. Na ekzosi ikiziba, katalisti (kisafisha moshi) imeyeyuka, busti nayo haipandi. Ila ekzosi haizibi kwa safari moja ya Dar hadi Arusha.

Dizeli_Tupu – #21
Naomba kuchomekea. Land Cruiser 80, injini ya dizeli 1HD-T. Nataka geji. Hayo ya -0.66 yananihusu?

kipima_hewa – #22
#21 hapana. Dizeli hiyo haina throto ya kubana hewa, sailensi itasoma karibu na sifuri. Nunua geji ya 0 hadi 2 isiyo na upande wa vakyumu, mshale unapata nafasi pana na kusomeka vizuri. Tii weka kwenye mpira unaotoka manifodi kwenda kichwa cha pampu ya dizeli, pale kwenye kiwambo kinachoongeza mafuta kufuata busti. Ukivuja, pampu haiongezi mafuta ya kutosha, gari inakosa nguvu mlimani lakini haiungui. Kwa dizeli, ukishaanza kugusa skrubu ya mafuta, geji ya joto la ekzosi ni ya lazima kuliko ya busti.

Dizeli_Tupu – #23
Ahsante, nimeelewa.

Pwani_Garini – #24
Mbona msitumie kile kidude cha ELM327 (kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari) na simu? Kinasoma presha ya manifodi, unatoa presha ya hewa, basi.

fundi_umeme_magari – #25
Kwa gari inayokubali, kinafaa kwa kuchunguza. Ila jibu linakuja mara chache kwa sekunde, busti inapanda na kushuka kabla simu haijaonyesha kilele. Namba hiyo ya kawaida ya manifodi inaishia 255 kPa kamili, kwa hiyo gari iliyopandishwa busti kupita 1.5 hivi inagonga dari. Na Subaru nyingi za soko la Japani za miaka hiyo hazijibu lugha ya kawaida ya OBD2, zinataka programu inayojua lugha ya Subaru.

Anayetaka kisasa afunge geji ya umeme. Sensa ikae kwenye bodi ya gari, siyo kwenye injini, mdomo ukiangalia chini ili oili na mvuke visikusanyike ndani. Mpira unabaki sentimita 30 tu na hakuna kinachoingia kabini isipokuwa nyaya. Waya wa moto chukua kwenye fyuzi inayowaka na swichi, tia fyuzi yake ndogo. Rangi za nyaya fuata karatasi ya geji yenyewe, usikariri.

Ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) ndiyo inawashinda wengi. Ukiwasha taa kubwa na mshale ukapanda 0.05 au 0.1 huku mguu haujagusa mafuta, ethi yako ni mbovu au umeichukua kwenye waya unaobeba mzigo mwingine. Kwangua rangi, funga boliti kwenye bati, pima kwa mita: kati ya ethi ya geji na hasi ya betri, taa zikiwaka, isizidi volti 0.1. Waya wa taa ya geji nao, kuna gari za Kijapani zinapunguza mwanga wa dashibodi upande wa ethi. Ukiunga bila kupima, geji inafifia unapotaka iwake.

Chuga_EJ20 – #26
Nimerudi. Klempu za intakula zote nimekaza, mpira wa blo-ofu umekaa. Hakuna sss, hakuna moshi. Bado 0.6.

kipima_hewa – #27
Fanya kipimo cha springi. Mpira wa kutoka turbo uunge moja kwa moja kwenye westigeti, solenoidi iwe nje ya njia, lakini plagi yake ya umeme iache imechomekwa taa isiwake. Gia ya nne, barabara tupu, mtu mwingine asome geji. Hiyo ndiyo busti ya chini kabisa ya gari yako. Ikiwa ni 0.6 ile ile, solenoidi haifanyi kazi yoyote. Mpira usiuache wazi hata kwa majaribio. Westigeti isiyoona presha haifunguki, busti inapanda bila breki. Hiyo ndiyo sababu hatuweki tii ya geji kwenye mpira huo, alivyosema mleta mada #1.

Chuga_EJ20 – #28
Imepimwa mara tatu, jioni, kwenye barabara ya kwenda Namanga. Moja kwa moja: 0.52, 0.52, 0.53. Kurudisha solenoidi: 0.6.

SpanaKumi – #29
Springi 0.52, na solenoidi inaongeza 0.08 tu. Inamwaga, lakini haiwezi kumwaga ya kutosha. Hiyo ni picha ya kidonge kilichopotea.

Mgosi_wa_Pwani – #30
Au ni picha ya kontroli boksi inayoamua kuongeza 0.08 tu kwa sababu ya mwinuko. Namba moja, maelezo mawili. Kinachotenganisha ni amri ya solenoidi. Ikiwa inaamriwa karibu na mwisho na busti ni 0.6, tatizo ni la mipira. Ikiwa amri ni ndogo, kompyuta imeridhika yenyewe. Hiyo haisomwi na ELM na simu, itafute programu ya Subaru kama alivyosema #25.

Mama_Gereji – #31
Na mafuta ya oktani ndogo pia, kontroli boksi ikisikia injini inagonga inarudisha taimingi na busti vyote viwili. Uliweka wapi mafuta njiani?

Chuga_EJ20 – #32
Mara mbili, vituo tofauti. Mpira wa zamani fundi anasema ulishatupwa. Programu nitatafuta. Kwa sasa nawezaje kujua kama huu wa bluu una kidonge bila kuukata?

SpanaKumi – #33
Chomoa upande wa turbo. Chukua kijiti cha chelewa kwenye ufagio, kinyooshe, kisukume ndani taratibu. Kikigota kabla ya kufika kwenye tii, kidonge kipo. Kikifika kwenye tii bila kugusa kitu, hakipo.